Fungu Moja katika Ishirini na Nne

Saa nne usiku, Chake Chake, chumba cha nyuma cha ofisi ya Kadhi,
nilifuta tawi.
Si kwa hasira. Kwa usafi.
Matawi yalikuwa yamezidi, na majina yake ya kipuuzi:
jaribio, jaribio-tena, jaribio-la-mwisho-wallahi.
Nikasema nifagie kabla sijafunga mlango.
Kompyuta ilinionya: hili halijaungwa na shina.
Nikalilazimisha, kwa herufi moja kubwa.

Zikaondoka wiki tatu.

Wiki tatu za hesabu ya mirathi:
thumni ya mke, sudusi ya mama,
thuluthi mbili za mabinti wawili,
na kinachobaki ni cha ndugu wa marehemu, Mbarouk,
aliyetoka Mtambwe na mkoba mmoja
akaaga kuwa anakwenda Mombasa
kununua mkanda wa mashine ya kusaga,
asirudi, asiandike, asizikwe.

Kwa ajili yake ndiyo nililifungua tawi lile.
Programu ya mwanzo haikumjua mtu wa namna hiyo.
Ilikuwa na visanduku viwili, hai na maiti,
na Bi Tatu binti Sleyum, mjane, mbele ya karani,
alikataa kutia alama popote.
"Shemegi yangu huyu," alisema. "Mie simuui kwa kalamu."

Nikampigia Shaame, yuko Wete,
sauti yake nusu usingizi.
"Usiguse kitu. Umenisikia? Hata chai usinywe karibu nayo.
Ulichofuta ni jina tu.
Iulize kichwa kimepita wapi."

Nikaandika amri.
Ikashuka orodha, hatua mpya juu, kongwe chini,
ya kila mahali nilipowahi kusimama:
hapa nilihama, pale nilirudi,
Jumanne baada ya adhuhuri nilijuta,
Jumatano nikayajutia majuto.
Sikujua kuna aliyekuwa akiandika.
Niliona haya kidogo, kama mtu aliyegundua
jirani anamhesabia nguo kambani.

Kila hatua na namba yake,
tarakimu na herufi zisizotamkika.
Nikateremka kwa kidole, mstari baada ya mstari.
Siyo hii. Siyo hii.
Hii ni ile siku umeme ulikatika nikaharibu tarehe.
Siyo hii.

Mstari wa kumi na moja. Maneno yangu mwenyewe,
na kosa langu la herufi juu yake:
"fugu la Mbarouk liwekwe, lisigaiwe."

Ilikuwepo. Ina mzazi, ina babu,
ukoo wake wote umesimama nyuma yake mpaka siku ya kwanza;
ilichokosa ni wa kuitaja tu.

"Una bahati," Shaame akapiga miayo.
"Ungekawia zaidi ya mwezi, mfagiaji angepita,
na yeye hajui kupiga hodi."
Nikafikiri: sheria humngoja mtu
mpaka rika lake lote liishe duniani,
mashine humngoja siku thelathini.
Sikumwambia. Alikwishakata simu.

Nikaipa jina. Ikarudi na kila kitu,
hata ule mstari mbaya niliokusudia kuusahihisha.

Asubuhi Bi Tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki,
buibui limelowa mvua mabegani.
Mikarafuu sabini na miwili, mafungu ishirini na manne,
matatu yake, manne ya mkwewe, kumi na sita ya mabinti,
na moja ndani ya kisanduku cha tatu:
hajulikani alipo.

Alikisoma kile kisanduku polepole, midomo ikicheza.
"Mikarafuu mitatu," akasema.
"Mitatu."
"Ndiyo, mama."
"Na mwaka huu imebeba. Sasa karafuu zake,
atazichuma nani?"

Nikaitazama skrini.
Hilo, nikamwambia, sijaliandika.